Mota ya Pili

Jumwa, mwanangu, sikuja kugomba.
Nimekuja na mota ndani ya kikapu cha mofa,
nimeifunika kwa kitambaa cha mikate
maana sikuwa na kingine kisafi.
Ifunue. Inuse.
Harufu hiyo si ya mkate kuungua.

Ile ya kwanza ilinifia daraja la Sabaki,
alfajiri, na mikate themanini ya Mambrui mgongoni.
Mkaichukua, mkanifungia hii,
mkasema, "Bi Mwanakheri, dhamana ni dhamana."
Nikawaombea dua. Nikawaletea mofa tatu za bure.

Hii ya pili imeishi siku sabini na nne.
Nimezihesabu kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko.
Sasa wasema mwaka umekwisha,
ati siku huhesabiwa tangu niliponunua baiskeli,
si tangu mlipoifunga mota.
Hebu nifahamishe, miye kichwa changu kigumu:
mtoto akizaliwa leo,
humhesabia miaka ya kaka yake aliyezikwa?
Aote ndevu kabla ya kutambaa?

Wasema tena: chumvi. Imeingia chumvi.
Umejuaje, na hujaifungua?
Hata Fundi Nzaro wa Maweni alitaka kuifungua,
bisibisi i mkononi, nikamshika kiganja.
Parafujo zote nne ziko vile vile,
na lakiri yenu nyekundu haina ufa,
maana karatasi yenu niliisoma,
hadi yale maandishi ya chini kabisa,
madogo kama mayai ya chawa.

Chumvi! Na mliniuzia wapi?
Mliniuzia Malindi.
Hapa chumvi hula mabati, bawaba, kufuli,
imekula hata picha ya marehemu mume wangu ukutani,
imeanzia kwenye masharubu.
Na bango lenu hapo nje, je?
Baiskeli ufuoni, gurudumu ndani ya povu.
Au hiyo ni ya watu wengine?

Risiti ninayo.
Ya asili imepauka, nyeupe kama sanda,
wino wenu haukufika hata Ramadhani.
Ila siku ile ile nilitoa nakala, shilingi kumi.
Tangu nifiwe nimejifunza:
karatasi moja haimtoshi mjane.

Binti yangu alinipigia simu toka Kilifi:
"Mama, kwa sheria wewe waitwa mlaji,
na mlaji ana haki zake."
Nilicheka hadi nikapaliwa.
Mlaji! Miye niamkaye saa tisa za usiku
kukanda mtama wa kulisha watu.
Mlaji gani huyu
ambaye kila mwezi aliwaye ni yeye?

Najua si wewe.
Mkubwa yuko Mombasa, simu yake haina masikio,
nawe umeajiriwa kuketi hapa na kusema hapana
kwa sauti nzuri.
Basi sitaki ahadi. Nataka kalamu.
Andika: nimepokea mota moja, namba yake hii,
lakiri nzima, tarehe ya leo. Tia sahihi.
Halafu chini yake, kwa herufi za kusomeka,
si za mayai ya chawa,
andika ya tatu itahesabiwa tangu lini.

Nitangoja.
Nimekuja nikikanyaga pedali toka Shela,
baiskeli nzito kama ng'ombe aliyegoma,
goti hili la kulia lanisuta.
Mambrui leo hawakupata mkate.
Hii hapa, ingali na vuguvugu. Chukua mmoja,
ule huku ukifikiri. Usinilipe.

Na ukiukuta mbichi ndani
rudi kesho, nitakupa mwingine,
na huo wa pili ukiwa mbichi, rudi tena:
sitakuuliza
wa kwanza uliula lini.